SOMO LA VIWANDA VIDOGO: KUCHAGUA KIONGEZA UZITO CHA LOSHENI YENYE ASIDI

Chama cha ushirika kinapokusudia kutengeneza losheni ya ngozi, hakina budi kuhakikisha kwamba losheni iliyotoka kiwandani nzito haitageuka maji dukani. Kwa chama kilichoko Soitsambu, Wilaya ya Ngorongoro, ambako viambato husafirishwa mwendo mrefu kutoka mjini, debe moja likiharibika hasara ni ya hisa za wanachama.

Chanzo cha tabu

Losheni za kulainisha ngozi ngumu hutiwa asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa ya mgando. Uzito unaozungumzwa hapa ni kama ule wa uji, si wa mizani. Huletwa na nyuzi ndogo mno zinazojinyoosha na kushika maji. Asidi huweza kuzikata au kuzikunja. Mpishi analijua jambo hili: uji ukichemshwa muda mrefu pamoja na ndimu huwa mwepesi.

Viongeza uzito vilivyopo

1. Wanga: ni rahisi kupatikana, lakini hukatwa na asidi, hasa penye joto.

2. Kaboma: hutoa jeli nzuri, lakini pH ikishuka chini ya 5 hivi hulegea. Chumvi nayo huilegeza.

3. Karajinani: hutokana na mwani, zao linalolimwa Zanzibar. Hufaa losheni isiyo chachu. Asidi na joto vikikutana huikata.

4. Gundi ya mgunga: huvumilia uchachu, lakini huhitajika nyingi mno ndipo losheni iwe nzito, nayo hunata.

5. Zanthani: hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria. Huvumilia asidi na chumvi. Nusu hadi asilimia 1 hutosha. Ichanganywe kwanza na glisirini ili isifanye mabonge.

6. Selulosi ya hidroksiethili: huvumilia pH kuanzia 2 hadi 12.

Kwa hiyo, losheni yenye pH ya 3.5 hadi 4 itumie zanthani au selulosi hiyo, hata kama wanga ni wa bei nafuu.

Uangalifu

Mwaka 1998 jopo la wataalamu nchini Marekani lilishauri asidi za aina hii zisizidi asilimia 10, na pH isipungue 3.5. Mtumiaji aambiwe ajikinge na jua, kwa kuwa ngozi yake huungua upesi zaidi. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS). Chama kipate kibali kabla ya kuuza.

Kabla ya kununua viambato vingi, katibu asimamie jaribio: chupa moja iwekwe kivulini, nyingine mahali penye joto, kwa miezi 3. Kila wiki uzito na pH viandikwe daftarini.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kiongeza uzito cha bei nafuu chaweza kukigharimu chama zaidi?

2. Ni nani katika chama atakayetunza daftari la majaribio?