Dondoo muhimu: Kiingereza cha kazini

Fungua barua pepe zako za mwezi uliopita, uone sentensi zinazojirudia: kukumbushia ankara, kuomba muda zaidi, kukataa bei kwa heshima. Hizo ndizo za kunoa kwanza. Sentensi ikizidi mistari miwili, ikate.

Wizara ya Fedha ya Tanzania hutoa hotuba ya bajeti kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Soma aya ya Kiswahili, iandike mwenyewe kwa Kiingereza, kisha linganisha na ya wizara. Zoezi hili lina faida kuliko kukariri kamusi, maana habari za kodi, mikopo na mapato tayari unazielewa kwa lugha yako. Aya moja kwa siku inatosha, mradi usiruke siku.

Kuwa macho na saa. Kikao cha saa nne asubuhi, mteja wa London mwandikie 10:00, na utaje kuwa ni saa za Afrika Mashariki.

Masomo ya kusikiliza ya BBC Learning English ni ya bure. Rudia kwa sauti unachosikia.

Mkutanoni usipoelewa, uliza palepale. Kuitikia jambo usilolielewa kunaweza kukugharimu mkataba.