Pampu ya Petroli Inapogonga: Somo kwa Wenye Motokaa za Zamani

Motokaa za Morris Minor, zilizoundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi 1971, zilifungwa pampu ya umeme iitwayo SU. Ufunguapo swichi, pampu hiyo hugonga upesi upesi mpaka kabureta ijae, kisha hutulia. Mlio huo si ubovu. Mwenye kuusikiliza vema hatanunua pampu mpya bure.

Kwanza: Ikigonga mbio bila kukoma, na petroli haifiki, ama tangi ni tupu, ama pampu inavuta hewa. Kaza viungo vya bomba litokalo tangini.

Pili: Ikigonga polepole, na injini inaishiwa nguvu mlimani, njia imeziba. Legeza kifuniko cha tangi. Pampu ikichangamka, tundu la hewa ndilo lililoziba. La sivyo, safisha chujio.

Tatu: Ikiendelea kugonga hali injini imezimwa na swichi haijafungwa, tazama kabureta. Ikidondosha petroli, sindano yake haifungi. Ikiwa kavu, vali ya pampu ina uchafu.

Nne: Ikinyamaza kabisa, kagua nyaya, kisha ncha za umeme zinazogusana ndani ya pampu, maana huungua.

Usifunge pampu yenye nguvu kupita kiasi kwa kutaka mwendo: petroli itafurika na kuleta moto. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa baridi, wala asiwepo karibu mvuta sigara.