Swali Kwanza, Mbinu Baadaye: Somo kwa Watafiti wa Usanifu



Ndugu zangu katika imani, baadhi yenu mnaokaribia kumaliza shahada ya pili mmeniuliza jinsi ya kuchagua mbinu za utafiti katika uzamivu wa usanifu. Nitawajibu kwa kosa langu mwenyewe, maana lilinigharimu karibu mwaka mzima.

Mada yangu ni sehemu za kutawadhia misikitini: zisanifiwe vipi ili maji yasipotee na wazee wasiteleze. Tumefundishwa katika hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Sisi hufungua bomba tangu viganja hadi miguu. Basi nikaenda mbele ya jopo na hojaji ya maswali arubaini. Profesa mmoja akaniuliza, "Anayetawadha anajua ametumia maji kiasi gani?" Nikanyamaza. Pendekezo langu likarudishwa.

Nilikuwa nimechagua hojaji kwa sababu wenzangu wote waliitumia. Sikuwa nimejiuliza ninataka kujua nini.

Aina tatu za utafiti

Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitofautisha aina tatu, na siku hizi wengi huzieleza hivi. Kuna utafiti kuhusu usanifu, kama kuchunguza historia ya mahodhi ya kutawadhia. Kuna utafiti kwa ajili ya usanifu, kama kupima kimo cha benchi linalomfaa mzee. Na kuna utafiti kwa njia ya usanifu, ambapo kule kutengeneza na kujaribu ndiko kunakozaa maarifa. Kabla ya kuandika sura ya mbinu, jua wewe uko wapi. Unaweza kuwa katika zaidi ya aina moja, lakini sema wazi ni wapi na kwa nini.

Kila swali na mbinu yake

Ukitaka kujua watu wanafanya nini, watazame. Ukitaka kujua kwa nini wanafanya hivyo, zungumza nao. Ukitaka kujua kiasi, pima. Hojaji inafaa pale ambapo mtu analijua jibu na hana haya ya kulisema. Ukimuuliza Muislamu kama anafanya israfu ya maji, atakujibu nini?

Nilipoanza kutazama, kwa idhini ya imamu na ya waumini wenyewe, niliona jambo ambalo hojaji isingeniambia. Mzee akiinua mguu kuuosha, mkono mmoja unashika ukuta na mwingine unasugua mguu. Hana mkono wa kufungia bomba. Mimi nilidhani ni uzembe, kumbe anaogopa kuanguka.

Upande wa wanawake sikuingia. Dada mmoja wa jumuiya yetu alifanya kazi hiyo, na sisi sote hatukupiga picha. Mbinu isiyolinda sitara ya watu haifai, hata ikikupa data nyingi. Habari ulizopewa ni amana.

Washirikishe pia wenye ujuzi wa mahali. Katika miaka ya 1970 huko Norwei, Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wawe na sauti kuhusu kompyuta zilizokuwa zikiingizwa kazini. Huo ni mmoja wa mizizi ya usanifu shirikishi. Kwangu mimi, mwalimu wangu alikuwa mtunza msikiti, anayeijua kila bomba inayovuja.

Kifaa peke yake si tasnifu

Nilitengeneza bomba la kukanyaga kwa mguu, nikalifurahia sana. Mzee wa kwanza kulijaribu akacheka: "Mwanangu, mguu mmoja naosha, wa pili nimesimamia. Nikanyage kwa upi?" Nikaongeza kiti chenye mgongo. Akakaa, akaosha mguu mmoja huku akikanyaga kwa mwingine.

Jaribio lililoshindwa ndilo lililonipa sura nzuri kuliko zote, kwa kuwa niliandika tarehe, mchoro, nilichotarajia na kilichotokea. Bomba lenyewe ni kifaa tu. Maarifa ni lile funzo ambalo msanifu mwingine, katika msikiti mwingine, anaweza kulichukua na kulipima: usitatue tatizo la maji kabla ya tatizo la kusimama. Usipoweka daftari tangu siku ya kwanza, mwisho utabaki na kifaa kizuri na tasnifu tupu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiku huu chukua karatasi. Andika swali lako kwa sentensi moja. Chini yake andika ni nani anayelijua jibu, na ni njia ipi itakayokufikisha kwake bila kumdhuru. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, usichapishe hojaji.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.