Jina la Kikundi Lisibanduke Kwenye Hema na Viti

Somo la safari hii limetokana na ugomvi.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Runyenjes kilipeleka viti vyake kwa mazishi. Kikundi jirani nacho kilileta vyake, vyeupe vilevile. Jioni wakati wa kupakia kwa pikapu, majina hayakuonekana. Rangi ilikuwa imebanduka kama maganda ya kitunguu. Kila upande ukahesabu viti vyake, na hesabu mbili zikijumlishwa zinapita viti vilivyokuwa pale uwanjani! Tuliitwa kupatanisha, na ilichukua mikutano mitatu. Aibu yetu ni kwamba sisi wenyewe ndio tuliowashauri wanunue mkebe wa rangi ya mafuta. Kwa hivyo tumeenda tukauliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kosa letu lilikuwa kufikiri plastiki ni plastiki tu. Pindua kiti uangalie chini ya kikalio. Mara nyingi utaona alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Namba 5 ni polipropilini, ndiyo ya viti vingi. Namba 3 ni PVC, ambayo pia huitwa vinyili. Turubai zito la hema, lile laini kama ngozi, kwa kawaida limepakwa hiyo vinyili.

Tuanze na hema, kwa maana hapo ndipo watu wengi hushangaa. Bomba la maji la mradi ni PVC pia, na ni gumu, ukilipiga linavunjika. Mbona turubai linakunjika? Ni kwa sababu kiwandani huchanganywa na kitu kama mafuta ili lilainike. Mafuta hayo hayakai tuli. Polepole yanatoka juu, na penye joto kama Ishiara yanatoka upesi zaidi. Ukipaka rangi ya mafuta, ile ya milango, yanaingia ndani ya rangi na kuilainisha. Herufi zinabaki zikinata, vumbi linashika, na hema likikunjwa jina linahamia upande wa pili. Hata wale wa ng'ambo wanaojiburudisha kwa kuunda magari madogo ya plastiki wanalia kilio hichohicho: mwili wa gari unakauka vizuri, lakini tairi za vinyili laini zinanata miezi mingi. Kungoja siku zaidi hakusaidii. Si kwamba rangi haijakauka, inalainishwa kutoka chini.

Dawa yake ni hii. Osha mahali pa jina kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha pakauke. Kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, mbali na moto. Usitumie petroli wala tina. Zinanyonywa na vinyili, nayo inavimba na baadaye inakauka na kupasuka. Halafu tafuta wino wa vinyili, ule wanaotumia wachapaji wa mabango mjini Embu na Meru. Wino huo unauma kidogo ngozi ya turubai na kushikana nayo, na turubai likikunjwa unakunjika pamoja nalo. Ukikosa, rangi ya maji ya akriliki ya kuta za nje ni afadhali kuliko ya mafuta, ingawa haitadumu sana. Paka nyembamba mara mbili, kwa sponji na kiolezo cha kadibodi. Rangi nene hupasuka mahali pa kukunjwa. Acha hema wazi siku kadhaa kabla ya kulikunja. Kule juu kwenye umande fanyeni kazi hii Januari au Februari, si wakati wa mvua.

Viti vina ugonjwa tofauti. Polipropilini haitoi mafuta, ila haikubali kushikwa na kitu chochote, hata gundi inateleza. Turubai jepesi linalopiga kelele likikunjwa lina tabia hiyohiyo. Hapa kusafisha peke yake hakutoshi. Sugua kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe, pangusa kwa spiriti, kisha paka praima ya plastiki. Iulizieni kwa mafundi wanaopaka bampa za magari, maana bampa nyingi ni za jamii hii ya plastiki. Rangi ifuate katika muda ulioandikwa kwenye mkebe, na kazi yote ifanyike nje penye hewa.

Praima ina bei, hatutaficha. Kikundi kisicho na pesa kinaweza kuweka alama ya moto, kama wazee walivyowatia ng'ombe chapa. Pasha waya nene uliokunjwa kuwa herufi mbili, gusa kidogo tu nyuma ya egemeo, kamwe si kwenye mguu, maana kiti kitavunjikia hapo. Simama upande upepo unakotoka. LAKINI msijaribu moto kwa hema! Vinyili ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma macho na kifua.

Kabla hamjagusa viti vyote, pakeni kimoja tu, na kipande cha turubai kilichokatika. Baada ya wiki mbili kwaruzeni kwa kucha, bandikeni selotepu muivute kwa nguvu, kunjeni kile kipande mara ishirini. Katibu aandike tarehe, rangi gani, bei gani, na ilishika au haikushika.

Kwa mazungumzo mkutanoni: Viti vyenu vina namba gani? Majina ya sasa yanasomeka ukiwa mbali kiasi gani? Na kiolezo kitatunzwa na nani, mweka hazina au yule anayetoa viti siku ya kukodisha?