Mteja akisema "take", anachukua au anachungulia?

Wauzaji wenzangu, mteja akikuandikia Kiingereza usikimbilie kufunga mzigo eti kwa sababu umeona "take". Maana yake ni kuchukua, ndiyo, ila si kila mara.

"I'll take it" ni oda hiyo: naichukua, niambie nalipaje. "I'll take a look" bado anaangalia tu. Mimi niliwahi kuzichanganya, nikatuma gauni kwa bodaboda, mteja akanishangaa. Nauli ya kwenda na kurudi ikanitoka mimi.

Panapochanganya zaidi ni kwenye bei. "Can you take 5,000 off?" Ukisoma haraka utadhani anataka kulipa 5,000. Hapana, anaomba umpunguzie 5,000. Hiyo "off" ya mwisho ndiyo inabeba kila kitu. Na wewe ukiwa na kikomo chako mjibu, "I can take 30,000", yaani napokea elfu thelathini, chini ya hapo hapana. "Do you take M-Pesa?" nayo ni kupokea.

"Take it or leave it" usimwandikie mteja hata kama kakuchosha. Ni ile "unataka chukua, hutaki acha", na unajua mwenyewe ukijibiwa hivyo dukani unavyojisikia.

Hujaelewa? Muulize: "Do you want to order it?" Akisema "yes", omba saizi, namba ya simu na mahali alipo, ndipo ufunge mzigo.