Musi Aliyenyonyoka Manyoya: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Misituni na Barabarani

Mwongozo huu ni kwa wakata miti, mafundi wa barabara na madereva wa majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont nchini Marekani, ambao kazi zao huwakutanisha na musi (moose).

Ukimwona musi mwenye mabaka, kumbuka kwanza ni mwezi gani. Mwezi Mei na Juni manyoya ya baridi hupukutika yenyewe, mapya yakaota chini yake. Huyo anaonekana chakavu, lakini ni mzima. Akiwa hivyo Machi au Aprili, sababu kubwa huwa ni kupe wa majira ya baridi.

Kupe hao, wakiwa wachanga, hupanda vichakani kuanzia Septemba, wakashikana makundi na kumvizia mnyama apitaye. Wakishampata, hukaa juu ya mwili wake hadi Aprili, wakikua na kunyonya damu. Musi mmoja huweza kubeba makumi ya maelfu. Muwasho humfanya ajisugue kwenye miti na kujing'ata hadi manyoya yakatike na kubaki visiki vyeupe. Ndiyo sababu wengine huonekana kama wamepakwa majivu. Ndama ndio wanaoteseka zaidi. Damu inayonyonywa huwa nyingi kuliko wanavyoweza kuirudisha, na katika miaka mibaya zaidi ya nusu ya ndama waliofuatiliwa na watafiti walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Theluji ikichelewa kuanguka, kupe hupata muda mrefu zaidi wa kuvizia, na vifo huongezeka. Musi mwenye mabaka wakati huo basi ni mgonjwa anayestahili huruma.

Huruma hiyo ionyeshwe kwa kumwacha. Usimlishe wala usimsogelee, hata akisimama kama amezubaa, kwani musi aliyedhoofika huweza kushambulia badala ya kukimbia. Akilaza masikio na kusimamisha nywele za shingoni, ondoka upesi, ujikinge nyuma ya mti mnene au gari. Madereva wapunguze mwendo usiku, maana musi hufuata chumvi barabarani na rangi yake humficha gizani.

Kupe wa majira ya baridi ni nadra kumuuma mtu. Hata hivyo misitu hiyo ina kupe wengine waenezao ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo kagua nguo na mwili kila jioni.

Ukimkuta musi ameanguka au amekufa, mwarifu msimamizi wako na idara ya wanyamapori ya jimbo, ukitaja mahali na tarehe.