Somo Letu: Saidia Chama cha Vijana



Shamba lako halitawatosha watoto wote. Wengine watakwenda Pumwani kutafuta kazi. Je, watafika huko wakijua nini? Jirani na Pumwani, huko Mathare, chama cha vijana cha MYSA kilianzishwa mwaka 1987. Timu zake za mpira zilipata alama kwa kushinda, na pia kwa kuzoa takataka mtaani. Hivyo kijana alizoea kushirikiana na wenzake katika kazi.

Kwetu mashambani viko vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza mwaka 1962, vikafufuliwa 2021. Uliza shuleni, umwandikishe mtoto. Kisha toa mbegu, na saa moja kila juma ukawafundishe kupanda. Samaki mkunje angali mbichi.